Kwa Kaka Aliyefyeka Majani ya Maua ya Mama

Kaka yangu,

Najua umezoea tuzungumze kwa simu, wewe ukiwa dukani kwako Pinga na mimi nimepanda juu ya kilima kutafuta rezo. Leo nakuandikia barua ambayo yeyote anaweza kuisoma, kwa sababu ulichofanya ulikifanya mbele ya watu, nao wakakusifu. Mimi peke yangu sikukusifu, na sasa nimechoka kunyamaza.

Juzi ulinipigia ukaniambia nitie vitunguu vya maua ya Mama kwenye mfuko, nimpe motari wa pikipiki akuletee, uvipande mbele ya nyumba yako mpya. Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza maharagwe. Ulifikiri rezo ndiyo iliyokata maongezi. Niliyekata ni mimi, kaka.

Unayakumbuka vizuri maua yale. Mama aliyaita jonkiye, kama watawa wa parokia waliompa walivyomfundisha: maua madogo ya manjano, yenye kikombe katikati, yasiyofika hata shubiri kwa urefu. Hapa kwetu Bihambwe kila mtu alipanda viazi na maharagwe, na Mama pia alipanda, lakini ule mstari mbele ya mlango ulikuwa wa jonkiye. Kwa kuwa vitunguu vyake vinataka baridi kabla ya kuchanua, kiangazi vililala kikapuni, kwenye nyumba ya baridi ya jirani yetu aliyetengeneza fromaji, jibini ya maziwa ya ng'ombe, chini ya mbao za fromaji zenyewe. Wewe ndiye uliyekibeba kikapu kwenda na kurudi. Ulirudi unanuka maziwa, nikawa nakucheka. Mvua za Septemba zikianza tulipanda, na Noeli ikikaribia tuliamka mapema, tukigombania nani ataona ua la kwanza.

Halafu maua yaliisha, na ile kazi ngumu ikaanza, ya kutofanya kitu. Majani yalilala chini, yakaanza kubadilika rangi, yakaonekana kama uchafu. Majirani walisema Mama anafuga pori mlangoni. Tulipotaka kuyaondoa, alitukataza.

"Musikate," alisema. "Kitunguu iko inakula."

Alitueleza kwamba majani yale ndiyo yanayokilisha kitunguu, na ukiyakata kabla hayajakauka yenyewe, mwakani hupati ua. Tulikuwa wadogo lakini tulielewa, na wewe ulielewa kuliko mimi.

Nasema hivyo kwa sababu nakumbuka kambini, kwenye kambi ya wakimbizi. Tulipokimbia vita, Mama alibeba sufuria na blanketi, wewe ukabeba kikapu cha vitunguu kichwani. Mama mmoja wa hema la pili aliviona, akaomba vichache atie kwenye sombe yake, majani ya muhogo aliyokuwa anapika. Alikuwa na njaa, nasi tulikuwa na njaa. Ulikikumbatia kikapu kwa mikono yote miwili, ukamwambia kwa heshima, "Hii haiko ya kula, Mama. Iko na sumu." Hakukuamini. Alituona wachoyo, akaacha kutusalimia, na bado hukumpa. Usiku ulilala umekizungushia mkono mpaka tukarudi nyumbani. Basi niambie, yule mtoto amekwenda wapi?

Maana aliyekuja Januari kutoa matanga ya Mama simjui. Nilikuwa shambani nachimba viazi vya wageni. Niliporudi, uwanja wote ulikuwa umefyekwa, udongo unang'aa. Naijua desturi yetu: siku ya kutoa matanga uwanja unasafishwa usibaki hata unyasi, watu wasiseme marehemu hakuacha watoto. Sikatai desturi. Lakini ungeweza kuuzungushia ule mstari vijiti, nani angekuuliza? Badala yake uliwapa vijana mapanga, na majani yalikuwa bado mabichi. Nilipokuuliza, ulicheka mbele ya wafanyabiashara wenzako waliotoka Butembo.

"Ile ni majani tu, dada," ulisema. "Maua ilishaisha."

Kisha ukafungua boksi, ukatoa maua ya plastiki ya manjano, ukayaweka juu ya kaburi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikwenda jikoni, nikamenya viazi.

Wageni wako walipoondoka nilichimba ule mstari. Vitunguu vingi vilikuwa vimelainika, na kila nilichokibonyeza kilitoa maji ya kuoza. Vilivyobaki nilivipeleka kwenye nyumba ya fromaji mwenyewe. Septemba nikavipanda. Sasa Noeli imefika, majani yametoka membamba kama nyuzi, na hakuna ua hata moja. Kila asubuhi nainama, nayatenganisha kwa vidole, natafuta. Watoto wangu wananiuliza ninatafuta nini, nami nashindwa kuwajibu bila kukutaja vibaya.

Ungekuwa hukujua, ningekusamehe siku ileile. Lakini ulijua, kaka. Uliona haya kwa macho ya wageni wa siku moja, ukasahau kitu ambacho Mama alikitunza maisha yake yote. Hilo ndilo linaloniuma, na linaniuma zaidi kwa sababu nakupenda na sina ndugu mwingine.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Sitavitia kwenye mfuko wala sitampa motari. Pinga kuna joto, vitakufa kabla hujamaliza kuwaonyesha watu, nawe utanunua vingine vya plastiki. Havitoki kwenye kilima hiki. Ukitaka kuona tena maua ya Mama, utayangoja hapa pamoja nami, mwaka huu bila kitu, na mwakani pengine bila kitu. Utakuja Januari, majani yakiwa yamelala na uwanja umechafuka, majirani wanasema wanayosema. Utakaa nayo mlangoni, utayaangalia yakikauka yenyewe hadi la mwisho, na mikono yako itakaa mfukoni. Kama hilo huliwezi, baki Pinga.

Ni mimi, dada yako uliyemwachia kilima.