Kiuno cha mke wa mwalimu mkuu

Shoga, leo nimeumbuka. Nimeumbuka hapa hapa mbele ya cherehani yangu.

Unaikumbuka ile programu ya bure aliyoniwekea mjukuu wangu kwenye kompyuta, ili niachane na madaftari? Alinihakikishia, "Bibi, hii haina siri, yeyote anaruhusiwa kuona ilivyoundwa. Ila utakayoandika wewe yanabaki humu humu kwako." Basi nami nikaandika ukweli mtupu wa kila mteja.

Leo kaja mke wa mwalimu mkuu, anataka gauni la kuvaa kwenye harusi ya bintiye. Nabonyeza jina lake nipate vipimo, kumbe naye kainama begani kwangu. Yakafunguka yote: "Kiuno 44. Mwenyewe husema 38. Usibishane naye, ongeza kitambaa kimyakimya."

Kimyakimya, shoga. Na akayasoma kwa sauti.

Nikajua mteja niliyemshonea miaka kumi na tisa ndiye huyo anaondoka.

Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Kumbe ndiyo maana nguo zako tu ndizo zinanikaa."

Kisha akavuta kiti. "Haya, fungua na ya wifi yangu."

Nikamwambia umeme umekatika. Feni inazunguka juu yetu, sote tunaitazama.