Anayempaka Mama Mafuta

Mabawe, Ngara

Kaka Thobias,

Shikamoo. Maharage tumeshavuna, na mvua imetupumzisha kidogo. Yale mafuta ya mti wa chai uliyotutumia kutoka Biharamulo yamesaidia. Jeraha la jembe mguuni kwa mama halitoi usaha tena. Nayachanganya na mafuta ya nazi kama ulivyoniagiza, nampaka asubuhi kabla ya kwenda shamba.

Ila nikirudi mchana nakuta amepakwa tena na kufungwa kitambaa kipya. Anashinda peke yake, na mgongo haumruhusu kuinama. Nilipomuuliza nani amemfunga, alinishangaa.

"Si Kalista! Mikono yake ya baridi, lakini anafunga vizuri kuliko wewe."

Kaka, dada yetu tulimzika mwaka jana. Wewe mwenyewe ulibeba jeneza.

Jumatatu nilikwenda shamba na chupa yenyewe. Niliporudi, mguu ulikuwa unanukia mafuta yale yale.

Leo mama amesimama bila fimbo. Nilifurahi, nikamkumbatia. Akaninong'oneza, "Kalista anasubiri nipone tu, tuondoke wote."

Njoo, kaka. Kidonda kimebaki kama ukucha, na nikipiga magoti sijui niombe kifunge au kisifunge.

Mdogo wako,
Priscila