Kibao cha Duka la Shemeji

Jumatatu, 4 Machi 1935
Nimepaka rangi madirisha ya bohari hapa Same. Kijani, ile ile ya kila mwaka. Imenichosha. Mchana kwa shemeji Elinaja, mume wa dada yangu Nakunda. Anafungua duka Jumamosi. Anataka kibao chenye simba, tembo, meli, na jina lake kwa herufi za dhahabu. Nimekubali. Nalala kwake, nala kwake, ningekataaje?

Jumanne, 5 Machi
Mimi na shemeji tumefungua robota la kitambaa cha Japani, bidhaa za duka. Ndani kuna karatasi ya chapa. Ndege mmoja mweupe, korongo, na duara jekundu. Basi. Pembeni herufi zao zimepangwa kushuka chini. Sehemu kubwa haina kitu. Aliyechora alijua pa kuachia. Mimi hujaza hadi ukingoni, nisije nikaitwa mvivu. Nimeiomba karatasi. Moyo unanienda mbio kama nimeposa.

Jumatano, 6 Machi
Nimechora simba. Anafanana na mbwa mgonjwa. Nikaacha, nikaingia jikoni kwa dada. Ungo. Mwiko. Chungu cha Usangi, shingo fupi, tumbo pana. Nimevipita tangu utotoni bila kuvitazama. Kisha kibuyu msumarini. Wamasai wa tambarare wana kibuyu. Sisi wa milimani tuna kibuyu. Asiyejua kusoma atakijua akiwa mbali barabarani. Nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemaliza. Kibuyu cheusi juu ya nyeupe, kimeinama kidogo. Chini, mstari mwekundu wa udongo wetu. Jina dogo pembeni. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji amekasirika. Yeye ni mzee wa kanisa.
"Nimekuomba simba, umeniletea chombo cha pombe? Na huku kote mbona kutupu? Watasema rangi imeniishia."
Nikamjibu vibaya. Nikamwambia achore mwenyewe. Dada akamwambia mumewe taratibu, "Baba Nakijwa, kitundike kesho tu. Kikikuaibisha, atakuchorea huyo simba."
Shemeji akakitazama tena kibao. Akakubali. Sijala. Naogopa. Ameweka kila alicho nacho kwenye duka hili.

Jumamosi, 9 Machi
Siku ya soko. Wa kwanza mama wa Kimasai na binti zake. Akaonyesha kibao, akauliza maziwa yako wapi. Shemeji akaeleza hauzi maziwa. Mama akacheka, akaingia hata hivyo, akatoka na shanga na shuka. Kisha wazee kutoka milimani wakaulizia pombe. "Hakuna pombe, wazee wangu, kuna chumvi," anasema shemeji, huku anacheka mpaka machozi. Wakanunua chumvi. Kufikia alasiri watu wanaelekezana: pale kwenye kibuyu. Hakuna aliyemtaja Elinaja. Nilidhani itamuudhi. Akanikumbatia mbele ya watu.
"Shemeji, simba tumwache porini."
Nina furaha. Nina furaha kabisa.

Jumapili, 10 Machi
Kanisani, kisha nyumbani. Shemeji amelala usingizi wa mchana. Dada ameomba brashi. Hajawahi kuishika. Akachora kijiko kwenye kipande cha boksi. Kimepinda, mpini mrefu mno. Akakitazama, mkono ukiwa bado hewani.
"Nimemaliza?"
Nikamwambia amemaliza. Tumekiweka dirishani kikauke.