Zenon wa Mwazye

Jumanne, 3 Mei 2005
Leo nimewaingiza Kidato cha Tatu mtandaoni. Dukani kwa Hamidi, mtaa wa Mazwi, kompyuta zikiwa nyuma ya maboksi ya sabuni. Bi Sophia wa mradi wa kompyuta mashuleni ameleta maelekezo kutoka Dar: wanafunzi wasome hadithi ya Kiingereza, kisha wajadiliane kwa maandishi, wampinge mwalimu bila woga. Hadithi: mama anamfungia mlango mwanawe aliyepotea miaka mingi. Nikauliza, je, alitenda haki?

Wakaandika shikamoo. Mmoja mmoja. Nami siwezi kuacha shikamoo ya mtoto ikining'inia — nikajibu marahaba zote. Kisha wakaulizana habari za nyumbani. Muda ukaisha. Hamidi alicheka: mwalimu, hawa si wangekuamkia shuleni tu?

Alhamisi, 5 Mei
Bi Sophia kapiga simu, ana furaha. Tumetuma ujumbe mwingi kuliko shule zote. Nikamweleza kwamba ni salamu tupu. Akasema mtambo hausomi, unahesabu.

Jumanne, 10 Mei
Niliandika kuwa mama alikosea. Wote: tunakubaliana na mwalimu. Nikageuka, nikaandika kuwa alikuwa sahihi. Wakakubali tena, kwa furaha ileile. Siwalaumu. Mkubwa akishasema, mdogo aongeze nini? Mimi mwenyewe nilimjibu baba yangu ndiyo mpaka tulipomzika.

Kabula hakuandika kitu. Anasoma kuliko wote, kinywa hafungui. Mkuu wa shule keshasema: asipotoa hoja muhula huu, namwondoa kwenye fasihi, akasome sayansi kimu. Nilimuuliza njiani kwa nini yuko kimya. Akainama. "Nikubishie wewe, mwalimu? Mimi nani?"

Jumatano, 11 Mei
Dawa nimeipata. Mdogo hambishii mkubwa, lakini mwenzake humrarua. Nimejisajili upya: Zenon, mwanafunzi wa shule nyingine, kijijini Mwazye. Nimempa Kiingereza cha kuchechemea. Si uongo, ni mbinu ya kufundishia. Sentensi hiyo nimeifuta, nikairudisha.

Jumanne, 17 Mei
Zenon kaandika kuwa yule mama ni mchawi, basi. Moto ukawaka. Masanja akamuuliza kama huko Mwazye wanasoma vitabu au wanafungia karanga. Kamusi zimefunguliwa — kwa hiari!

Na Kabula ameandika. Aya tatu. Kwamba mama hakumfungia mwana, alijifungia yeye. Mlango ukifunguka itabidi aione miaka yote iliyopita. Zenon akamjibu kijinga, makusudi, ili aendelee. Akaendelea.

Jumanne, 24 Mei
Mkuu wa shule alikuja kumwona Kabula kwa macho yake. Akasimama begani kwangu muda wote. Zenon angeandikaje? Darasa zima likawa linauliza, Zenon yuko wapi? Nikajibu, kama mwalimu: anaumwa, endeleeni.

Hapo nilikosea, na mtu wa umri wangu alipaswa kujua. Kwetu mtu akiumwa, ubishi husimama. Zikaanza pole. Kabula aliandika neno moja tu: pole. Mkuu akasema atarudi Jumanne. Binti asipotoa hoja mbele yake, basi tena.

Ijumaa, 27 Mei
Wamechanga unga, maharage na jogoo. Kabula kaja ofisini mwenyewe. "Mwalimu, kesho tunakwenda Mwazye. Nitambishiaje mgonjwa ambaye sijamwona?"

Nikasema Zenon amepona.

"Basi tukampe hongera."

Hamidi katoa pikapu na dereva, mafuta juu yake. Ana thawabu zake huyu mzee. Nikisema kweli, Kabula atajua alimbishia nani, na Jumanne hataandika. Nisiposema, nitawapeleka kwa nani?

Jumamosi, 28 Mei
Naandikia gotini, kiti cha mbele. Nilitoka nyumbani nikiwa nimedhamiria kusema. Wakaniamkia wote, wakanipa jogoo nimshike, kwa heshima. Sikusema.

Tumesimama, dereva anaongeza maji kwenye rejeta. Huko nyuma Kabula anawaeleza wenzake Zenon alipokosea. Kwa Kiingereza, kwa sauti, hadi wapita njia wanageuka. Masanja anambishia. Anamkatiza, anamwambia, "Wewe ngoja, sijamaliza."

Dereva amerudi. Anauliza, mwalimu, tukishafika Mwazye, kwao Zenon tunakata wapi?

Nimemwambia aende tu, polepole.