Udongo wa Kwanza wa Mzee Joel

Jumatatu, 3 Juni
Mzee Joel amefariki alfajiri. Kifua. Aliyenieleza ni mkewe, Mama Rael. Nilikuwa Roret, natafuta habari ya mvua ya mawe iliyopukutisha chai, simu ikalia. Nikamalizana na wakulima kwanza, ndipo nikapanda kwake. Joel alikuwa afisa wa redio kwenye meli za mizigo, miaka mingi baharini, kisha mkulima wa chai. Mhariri anataka taazia Alhamisi. Mazishi Jumamosi.

Jumanne, 4 Juni
Yaliyothibitishwa. Meli yake ya kwanza ilizama. Yeye alikuwa ameshahamia nyingine, bandari ya mbali, wala hakuandika nyumbani. Habari ikaja kwamba hakuna aliyepona. Ukoo ukaomboleza. Kaka yake akapata mtoto, Weldon. Kama ilivyo kwetu Wakipsigis, akina mama wazee walimtajia mtoto majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, wakingoja apige chafya. Akapiga chafya kwa jina la Joel, maana yake Joel amerudi ndani yake.

Mwaka uliofuata Joel akaingia uani na sanduku lake.

Sokoni walimwita Marehemu hadi uzeeni. "Marehemu, leo hujaleta maziwa?" Alikuwa akijibu kwamba huko kaburini ng'ombe wamekauka. Nilimsikia mwenyewe.

Alikosea. Alituma salamu za mabaharia wote, zake hakutuma.

Jumatano, 5 Juni
Shida. Joel na mkewe Rael hawakujaliwa mtoto. Joel alitaka Weldon atupe udongo wa kwanza, kama mwana. Weldon ameenda Chebunyo kwa ng'ombe wake, hashiki simu. Aliyemwambia aende ni shangazi yake Taplelei, dada ya Joel. Anasema mtu hawezi kujizika mwenyewe. Nikamuuliza mzee wa ukoo mila inasemaje. Haisemi kitu. Jambo lenyewe halijawahi kutokea.

Mama Rael halii. Amekaa jikoni. Anasema tu kwamba bila Weldon, mumewe atazikwa kama mpita njia.

Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Alhamisi, 6 Juni
Taazia imeenda. Niliweka hili: baharini, mara mbili kila saa, redio zote zilinyamaza ili anayeomba msaada asikike. Joel alirudi na mazoea hayo. Kwenye kituo cha kununulia chai alikuwa akikata maneno katikati na kukaa kimya, anasikiliza, wachumaji wakimcheka. Setilaiti zilipokuja kazi yake ikaisha duniani kote.

Weldon sikumtaja.

Ijumaa, 7 Juni
Chebunyo. Vumbi. Nilimkuta Weldon akinyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Hakunikaribisha. Alisema anaogopa, basi. Tangu utotoni mamake alimwambia kwamba siku mzee akienda, jina litamvuta na yeye. Kanisani hasemi hayo.

Nikamweleza alichoniambia Mama Rael asubuhi. Nilikuwa nimempigia Taplelei, naye hakukana. Joel aliporudi, wazee walitaka mtoto atajiwe majina upya, Joel arudishiwe lake. Joel alikataa. Alisema: "Mwacheni nalo. Kosa ni langu."

Weldon alikuwa hajui. Aliendelea kunyunyiza mpaka ng'ombe wa mwisho. Kisha akauliza mazishi ni saa ngapi.

Sikumwahidi Mama Rael kitu.

Jumamosi, 8 Juni
Amekuja. Mvua, matope mpaka kwenye vifundo. Taplelei alimfokea mbele ya mchungaji, kwamba anacheza na kifo.

Weldon alimsikiliza mpaka akamaliza. "Shangazi, yeye aliishi nikiwa na jina lake. Hata mimi nitaishi."

Akaacha sepetu, akachota udongo kwa mkono. Akautupa kaburini. Mama Rael akalia, mara ya kwanza wiki hii. Taplelei aligeuza uso lakini hakuondoka.

Nimezika watu wengi kwa kalamu. Huyu amenichosha.

Jumapili, 9 Juni
Nilipita kwa Mama Rael baada ya kanisa. Kumetulia. Majirani wanarudishiwa sufuria na viti vyao. Weldon alilala hapo, asubuhi akakamua. Taplelei alikuwa jikoni, akammiminia Weldon chai. Akainywa.

Jumatano saa nne wafiwa wananyolewa nywele, hapo nyumbani. Mama Rael amesema wembe uanze na mwanawe.