Ile Chupa ya Mizizi na Dawa ya Majaribio

Ndiyo hivyo Kabula, simu iliisha chaji nikiwa katikati ya maneno, nimeichomeka humuhumu hospitali, sasa naandika. Marahaba, mjukuu wangu. Babu yako mzima, ng'ombe mweupe kazaa, na jirani karudiana na mumewe, mimi sijasema kitu.

Umeuliza, nikiwaambia madaktari nakunywa na mizizi aliyonichemshia shangazi yako juu ya dawa yao mpya ya saratani ya titi, si watanitoa kwenye majaribio? Wanaweza. Na unajua ugonjwa umeshafika kwenye mifupa, dawa za kwanza zimegoma. Hii mpya wanasema inalenga uvimbe wenyewe.

Lakini sikia. Wakati wa usichana wangu, pale machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, nilikuwa natwanga mawe ya sampuli, yapimwe kabla watu hawajachimba. Siku moja nikamwonea huruma mwenye shimo, nikachomeka jiwe zuri la shimo la jirani. Dhahabu ikang'aa kwenye karai! "Binti, mkono wako una baraka!" akasema, na soda akaninunulia. Wakachimba kiangazi kizima, wakatoka na vumbi. Hakunigombeza, maana hakujua. Mpaka leo nikimkumbuka, uso unanishuka.

Humu tuko akina mama wengi, na wengine wanakuja nyuma yetu. Nikipata nafuu watasema ni dawa, kumbe labda mizizi. Naiogopa hiyo kuliko kutolewa. Chupa ninayo kwenye mkoba, leo namwonyesha daktari hata kama...

Haya, nesi anaita, "Mama Masanja, ingia!" Naingia nayo mkononi.