Kushoto kwa nani?

Mume wangu, mjukuu wangu Edgari,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Litembo. Kahawa tumeanika, na magoti ya shangazi yako yana nafuu. Mimi nasema, katekista anaandika, na leo nasema kwa hasira.

Eti uliiambia programu yako faili liko "panda folda moja, kisha ingia ya pili". Mwenzako akaiwasha kutoka folda nyingine, faili halikuonekana, na wewe umemshtaki kwa bosi! Unaniuliza kosa la nani? Lako! Kupanda kutoka wapi, wewe?

Nikiwa msichana, mama alibebwa kwenye machela kwenda hospitali, uchungu umemshika. Nikatumwa mbele kuuliza njia. Mzee mmoja mlangoni kwake akaniambia, "Panda kidogo, kisha kushoto." Nikarudi mbio mtoni, nikawapa wabebaji maneno yale yale. Wakapanda kutoka pale mtoni, wakapinda kushoto. Kilima sicho! Mwanamke mmoja aliyekuwa akilima ngoro, yale mashimo ya shambani mlimani, akatufokea:

"Kushoto kwa nani? Anzeni kanisani! Kanisa halihami."

Mama alipona, lakini mdogo wangu, babu yako Kosmasi, alizaliwa kwenye kilima kisichotuhusu.

Ulisema kompyuta ina mzizi, folda zote zinatoka hapo. Basi ungeyageuza maneno yako ukiwa bado pale uliposimama, yawe njia nzima tangu mzizini.

Kamwombe radhi mwenzako leo. Mimi nilimlaumu yule mzee miaka yote, na mama alifariki sijamwambia kwamba niliyeondoka mlangoni kwa mzee bila kuuliza "kutoka wapi?" ni mimi.

Bibi yako, anayekupenda hata akikufokea.